Fumbo Lililopigwa Mkwaju

Daktari alipomwonyesha Baba kijiko na kumuuliza hiki ni nini, nilijua mambo yameharibika. Baba alikitazama kijiko, akamtazama daktari, kisha akageuza uso ukutani. Mtu aliyewatoa jasho wasomaji wa gazeti miaka nenda miaka rudi, mtu ambaye maprofesa walikuwa wakimpigia simu kulalamika kwamba fumbo lake limewaharibia Jumapili nzima, leo anaulizwa kijiko. Hata mimi ningegeukia ukuta.

Daktari akaandika kitu kwenye karatasi zake. Sikuona alichoandika, ila niliona kalamu haikusita, na hilo halikunipendeza.

Chumba chenyewe kilikuwa ofisi yangu kabla Baba hajapigwa na kiharusi. Meza ya kazi nimeisukuma hadi dirishani, na kitanda chake kimekaa pale palipokuwa na kabati la vitabu. Baba alikuwa ameketi kitini, mito miwili mgongoni. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikaa mbele yake kwenye stuli ya jikoni. Kaka yangu mkubwa alisimama mlangoni na koti lake mwilini, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo na gari linamsubiri nje.

Niseme basi kilichotukutanisha. Kaka anaishi katika nyumba yetu ya zamani, mji tuliozaliwa, safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Alitaka kumpeleka Baba huko. Mimi nilitaka abaki kwangu, karibu na hospitali, karibu na watu wanaojua kumpima na kumfanyisha mazoezi. Tulibishana kwenye simu mpaka tukaanza kukumbushana makosa ya utotoni. Mwisho tukakubaliana jambo moja: daktari aje aseme kama akili ya Baba ni nzima. Ikiwa nzima, Baba ataamua mwenyewe wapi pa kuishi. Ikiwa si nzima, ataamua mkubwa wa familia, na mkubwa wa familia ni Kaka.

Kwamba Baba angenichagua mimi, sikuwa na shaka hata chembe. Mimi ndiye niliyerithi kazi yake. Yeye alikuwa mhariri wa mafumbo gazetini, akisaini kwa jina la Msumari, na nilipokuja kukaa kwenye kiti chake wenzangu wakaniita Kisumari bila hata kuniuliza. Shida yangu ilikuwa moja tu, kuthibitisha kwamba Baba bado yumo humo ndani. Kiharusi kilimchukua ulimi na mkono wa kulia kwa mpigo mmoja, kikamwachia mngurumo mmoja wa kooni ambao anautumia kwa ndiyo, kwa hapana, na kwa niacheni.

Daktari alimwomba achore saa. Baba akachora duara kwa mkono wa kushoto, akaweka penseli chini. Akamuuliza leo ni siku gani, akapewa mngurumo. Akamwomba afumbe macho, akamkodolea. Namjua baba yangu, alikuwa amekasirika, lakini hasira ya mtu asiyesema inafanana sana na ujinga, na daktari hakuwa na namna ya kuzitofautisha.

"Daktari, unaona mwenyewe," Kaka akasema, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. "Baba ameshakwenda. Tumebaki na mwili wake. Tuutunze kwa heshima mpaka siku yake ifike."

Aliyasema hayo mbele yake. Damu ilinipanda kichwani. Tangu Baba augue nimepiga marufuku maneno ya namna hiyo nyumbani kwangu. Kila mgeni namwambia mlangoni kwamba humu tunazungumzia kupona tu. Kuna jirani mmoja aliyekuja kumlilia Baba usoni, nikamsindikiza hadi nje na mkoba wake mkononi, na mpaka leo hatusalimiani. Kaka nilishindwa kumtoa kwa sababu ni kaka, basi nikameza.

Nikamwambia daktari, mpe fumbo.

Daktari akatazama saa yake. Alikuwa na wagonjwa wengine wanaomsubiri, na hakuficha. Akasema yeye si mtu wa mafumbo, nimweleze kwa kifupi jinsi kitu hicho kinavyoweza kumwonyesha akili ya mgonjwa. Nikachukua kidokezo kimoja cha Baba mwenyewe, cha herufi nne, nikamsomea: Tema kinyumenyume, uyakute mdomoni. Nikamweleza kwamba kidokezo cha aina yetu kina njia mbili. Ya kwanza ni maana ya wazi, yaani kitu kinachopatikana mdomoni. Ya pili ni mchezo, yaani chukua neno lenyewe, tema, ulisome silabi kwa silabi kuanzia nyuma. Njia zote mbili lazima zikukutanishe na neno moja. Baba alikuwa akiwaambia vijana wa gazetini kwamba ukifika kwa njia moja tu hujafumbua, umebahatisha.

Daktari akachezesha midomo kimya kimya. Kisha akacheka kidogo bila kukusudia.

"Mate," akasema, na akamtazama Baba kwa jicho jingine.

Kaka akaingilia. Alisema vimaneno hivyo Baba anavijua kwa moyo, atavijaza kwa mazoea kama kasuku na haitathibitisha chochote. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa na haki. Kama ni kumpima, apimwe kwa fumbo ambalo hajawahi kuliona.

Nilikuwa nalo. Nililitunga asubuhi ileile wakati nasubiri maji ya chai yachemke, fumbo dogo la vidokezo sita, lililochorwa kwa rula kwenye karatasi nyeupe. Daktari alilipitia kwanza yeye. Akashika kimoja, Mnyama mpole aliyeficha ndoo nzima, akahesabu visanduku sita, na kabla sijamsaidia akasema kondoo, akafurahi kabisa. Kisha akajikumbusha kilichomleta, akaiweka karatasi kwenye sinia juu ya mapaja ya Baba, na penseli akamtia katika mkono wa kushoto.

Baba akainama. Macho yake yalikwenda juu, yakashuka, yakarudi. Niliyaona yakisoma, ningeapa popote. Ila hakuandika.

Nikamweleza daktari kwamba hiyo ndiyo kawaida yake. Baba haandiki hata herufi moja mpaka amalize fumbo zima kichwani. Gazetini walikuwa wakimtania kwamba anaogopa kumaliza penseli. Daktari akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akasubiri. Kaka akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, ubao wa mlango ukalia. Nje kulikuwa na mtu anagonga bati. Nikajikuta namwomba Baba kimoyomoyo, andika, Baba, andika kondoo tu, kondoo amemjua hata daktari.

Mkono wake ukaanza kwenda. Ncha ya penseli ikagusa karatasi juu kabisa, nikashusha pumzi. Kisha mkono ukateleza. Ukavuta mstari mmoja mrefu uliopinda, ukakata fumbo zima kutoka upande huu hadi upande ule, na penseli ikaanguka sakafuni. Baba akanguruma, akajiegemeza kwenye mito.

Daktari akaiokota penseli, akaiweka mezani taratibu, namna watu wanavyoweka vitu katika nyumba yenye msiba. Akaniambia kwamba nimefanya kila ninaloweza. Akaanza kukusanya vitu vyake mkobani. Kaka akaja akaniwekea mkono begani.

"Mdogo wangu, inatosha," akasema. "Inatosha sasa."

Nikauondoa mkono wake. Nikaichukua ile karatasi nikitaka kuichanachana, kwa sababu nilikuwa na hasira, na nilihitaji kitu cha kuharibu ambacho si mtu. Nikaishika kwa vidole vya mikono yote miwili. Hapo ndipo nilipouangalia vizuri ule mstari.

Ulianzia kwenye pembe ya juu ya kulia, kwenye pembe kabisa, na uliishia kwenye pembe ya chini ya kushoto. Njiani ulikuwa umeyumba kama mlevi, lakini miisho yake miwili ilikaa pale pale inapotakiwa kukaa. Mkono ulioteleza hauwezi kufika pembe zote mbili. Nikakalia ukingo wa kitanda.

Nikamwomba daktari asiondoke. Nikamwambia kwamba huo si mstari wa bahati mbaya. Ni mkwaju. Pale gazetini fumbo lenye kosa halijazwi hata kisanduku kimoja, kwa sababu zamani mhariri alijaza nusu ya fumbo bovu akijaribu kulirekebisha, mpangaji kurasa akalikuta limejaa, akadhani limepita, likachapwa. Kuanzia hapo ikawa sheria. Ukigundua kosa, unapiga mkwaju kutoka pembe hadi pembe na kulirudisha kwa mtunzi. Huandiki kosa ni lipi. Mtunzi atajitafutia mwenyewe, ajifunze. Mimi sikuwa nimepigwa mkwaju na Baba tangu nilipokuwa mwanafunzi wake, ndiyo maana sikuutambua.

"Sasa umeanza," Kaka akasema. "Akiandika, mzima. Asipoandika, mzima. Akichorachora, mzima vilevile."

"Kosa ni lipi?" daktari akauliza. Alikuwa bado amesimama, mkoba begani.

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kama fumbo langu halikuwa na kosa, Kaka alikuwa anasema kweli, na mimi ni binti anayeona anachotaka kuona. Sijawahi kuomba niwe nimekosea kazini kama nilivyoomba wakati ule. Nikaanza kupitia. Kondoo, sawa. Chumvi, ambayo kidokezo chake kilikuwa Huingia chunguni na mvi zake mkiani, sawa, na mvi zimo. Nikahesabu visanduku, vilitosha. Nikafika kwenye Akili anayo, na herufi moja mbele yake, mtafute mahakamani. Wakili. Nikaliandika kichwani, herufi kwa herufi, kwenye visanduku sita vya kulala. Kisha nikashuka na neno lililosimama kulipitia katikati, Geuza mali ushike jembe. Lima.

Maneno hayo mawili yalikuwa yanakutana kwenye kisanduku kimoja. Kutoka upande, wakili alitaka K. Kutoka juu, lima lilitaka M.

Nikahisi joto usoni, aibu na furaha vimenijia pamoja. Na nikajua mara moja kosa limetoka wapi, maana pale asubuhi halikuwa lima. Neno la kwanza nililoliweka pale lilikuwa jingine, neno la herufi nne lenye K mahali pake. Maji yakachemka, nikaenda kuzima jiko, niliporudi nikalitazama lile neno na sikuweza kulistahimili. Nikalifuta, nikaweka lima haraka haraka, na sikukagua makutano. Kosa la mwanafunzi.

Nilimvuta daktari koridoni, nikamnong'oneza kosa lilipo, kisanduku gani na kwa nini. Alilielewa upesi. Akaniambia kwamba ili kuliona kosa hilo mtu ni lazima awe ameshapata majibu yote mawili, wakili na lima, kichwani mwake, bila kuandika.

"Nami ndivyo ninavyosema," nikamjibu.

Tukarudi ndani. Daktari akachora lile fumbo upya kwenye karatasi safi, bila mkwaju. Alimwambia Kaka asimame karibu aone kila kitu. Mimi akaniamuru nisimame dirishani, niwape mgongo, nisikohoe, nisigeuke. Nikatii. Chini barabarani fundi viatu alikuwa ameshika soli mdomoni akitafuta nyundo, na mama mmoja alikuwa anamsubiri na mguu mmoja peku. Niliwatazama wale watu wawili kama nimeajiriwa kuwatazama.

"Mzee," nikamsikia daktari, "umelirudisha fumbo hili. Nionyeshe kwa kidole kosa liko wapi."

Fundi akaipata nyundo. Nikahesabu mapigo yake, nikayapoteza, nikaanza tena. Nyuma yangu kiti kilisikika kidogo, kisha hakikusikika. Nikafikiri kachoka. Nikafikiri kasinzia, maana siku hizi husinzia katikati ya jambo lolote, na kwamba nitaishi maisha yangu yote nikijiuliza kama tungemwacha apumzike kwanza.

"Kidole kimekwenda pale," Kaka akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Daktari, ndipo?"

"Ndipo," daktari akasema.

Machozi yakanitoka hapo hapo dirishani. Nilitaka kugeuka, daktari akanizuia, akasema subiri, anaomba penseli. Nikasikia penseli inakwaruza, ikasimama, ikakwaruza tena. Ilichukua muda mrefu. Pumzi za Baba zilikuwa nzito, pumzi za mtu anayepandisha kitu ngazini, na hakuna aliyemsaidia. Halafu Kaka akasoma taratibu, akiunganisha herufi moja baada ya nyingine.

"Zi... ka. Zika."

Nikageuka bila ruhusa ya mtu.

Alikuwa amejaza vile visanduku vinne tu. Herufi zilikuwa kubwa na zimelala ovyo, lakini zilikuwa nne, na K ilikuwa imekaa pale pale wakili anapoihitaji. Ndilo neno nililolifuta asubuhi. Hakuna aliyemwambia. Kazi ikigeuzwa, twende makaburini: kidokezo hicho alinifundisha yeye, nilipokuwa bado nachonga penseli zake. Aliona pengo, akajua ni neno gani lilikuwa hapo, na akajua pia ni nani aliyeliogopa. Alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira tena.

Daktari aliketi akaandika, safari hii mistari mingi. Alipomaliza akamwambia Baba kwamba akili yake ni nzima na ndivyo alivyoandika, na akamwomba radhi kwa kile kijiko. Baba akanguruma. Kisha daktari akavuta stuli karibu.

"Sasa nakuuliza wewe, Mzee, na utakalosema ndilo litakalofuatwa. Unataka kuishi wapi? Hapa kwa binti yako, au nyumbani kwa mwanao?"

Mimi nilikuwa tayari natabasamu. Nasema kweli, nilikuwa hata nimeanza kumwonea huruma Kaka na safari yake ya bure.

Baba alinyanyua mkono wa kushoto. Akauweka kwanza juu ya neno aliloliandika. Kisha akamwelekezea Kaka.

Daktari hakuridhika, akatubadilisha nafasi, mimi nikaenda mlangoni na Kaka akaja dirishani, akauliza upya kwa maneno mengine. Mkono ukaligusa neno, ukavuka chumba, ukamfuata Kaka alipo.

Kaka alijifuta uso na mkono wa koti. Akasema, akiwa hanitazami, kwamba Baba alimwambia kabla hajaugua, walipokuwa wawili tu wanapalilia kaburi la Mama nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Alimwonyesha mahali, upande wa kushoto wa Mama, akamwambia hapa ni pangu.

"Nilitaka kukwambia kwenye simu," akasema. "Kila nikianza, unasema humo mnazungumzia kupona tu, unakata."

Ilikuwa kweli. Nilikata, si mara moja. Nilikuwa nimemwekea baba yangu nyumba isiyoruhusu neno moja, na neno hilo ndilo pekee alilokuwa anataka kusema, na hakuwa na ulimi wa kulisemea. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba," nikasema, "unataka kwenda kuzikwa kwa Mama?"

Akanguruma. Mara hii haikuwa hapana wala niacheni. Akaniwekea kiganja kichwani, kizito na chenye joto, akakiacha hapo, nami nikalia nikiwa nimeukumbatia mguu wake mgonjwa. Nilikuwa nimempigania aamue mwenyewe, na ameamua kuniacha, na sikuwa na hata mtu mmoja wa kumkasirikia.

Daktari aliaga kwa sauti ya chini, akatoka. Kaka alisubiri mpaka nilipotulia, kisha akaniuliza sanduku la Baba liko wapi. Nikamwambia akae, nitalifunga mwenyewe.